Hopsi za zamani kwenye friji: niongeze gramu ngapi ili uchungu urudi?

#1 Chujio

Wakuu, habari za muda huu. Kuna jambo dogo limeshaniharibia sufuria moja la bia na sitaki liniharibie la pili.

Nina mfuko wa hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu), aina ya Cascade, za vidonge. Ulikuwa gramu 100, nikatumia 30, zimebaki 70. Pembeni umeandikwa alfa 6.0%, yaani kiasi cha asidi zinazoleta uchungu. Nataka kupika lita 20, msongamano wa mwanzo wa maji ya kimea 1.050, uchungu IBU 35. Kikokotoo kinanipa gramu 50, zichemke dakika 60. Shida yangu ni kwamba mfuko ni wa zamani.

Safari iliyopita nilitumia hopsi nyingine za zamani, nikapima vilevile kama mfuko ulivyosema, sikuongeza hata punje. Bia ikatoka tamu-tamu. Haikuwa mbovu, ila ukifika nusu ya glasi unachoka, ulimi unabaki kama umelamba mwiko. Jamaa mmoja akanishauri: "Hopsi zikishapita mwaka, ongeza asilimia 20, basi." Hiyo 20 inatoka wapi? Mbona haulizi hata ni hopsi gani?

#2 PovuLaJuu

Tupa, nunua mpya. Uzi ufungwe.

#3 GlasiMbili

Naweka kambi hapa. Na mimi nina mifuko minne chini ya friza, sikumbuki hata ilifika lini.

#4 MizaniYaGramu

Chujio, hiyo asilimia 20 ni sawa na fundi kukushonea suruali kwa kujua jina lako tu. Umri peke yake hausemi kitu. Mfuko wa miaka miwili unaweza kuwa mzima kuliko wa miezi mitano.

Kinachopungua ni asidi za alfa. Zinakaa kwenye ule unga wa njano ndani ya ua la hopsi, lupulini. Ukichemsha zinabadilika umbo, zinayeyuka kwenye maji ya kimea, ndio uchungu tunaoupima kwa IBU. Maadui zao ni joto na oksijeni. Halafu kuna uvumilivu wa aina yenyewe. Ukiziacha wazi miezi sita kwenye nyuzi 20, Cascade inabaki na karibu nusu ya alfa yake, na Saaz haiko mbali na hapo. Magnum kwa muda uleule inabaki na karibu 80%. Cluster nayo ni ngumu vilevile.

Mimi natumia njia ya Mark Garetz, mwandishi wa mambo ya hopsi, aliyoiandika mwaka 1994. Nimeirahisisha ili niweze kuipiga nimesimama jikoni. Kila joto likishuka nyuzi 15, kasi ya kuharibika inapungua nusu. Kwa hiyo siku moja kwenye nyuzi 20 naihesabu siku moja, kwenye nyuzi 5 ni nusu siku, kwenye friza ya −18 ni 0.17 ya siku. Kisha naangalia ufungaji. Mfuko wazi au plastiki ya kawaida ni 1. Mfuko mzito usiopitisha hewa, lakini ndani hewa ipo, ni 0.75. Uliofyonzwa hewa au kujazwa naitrojeni ni 0.5.

Zidisha siku za kalenda kwa hivyo viwili. Jibu ndilo ninaloliita umri wa kweli. Cascade inapoteza nusu ya alfa kila siku 180 za umri wa kweli.

Sasa tupe historia ya huo mfuko. Ulivunwa lini, ulikaa wapi, umeufungua lini, umeufungaje. Usiseme "friji" tu ukaishia hapo.

#5 Chujio

Umenishika pabaya. Mavuno ni Septemba, imeandikwa kwenye mfuko. Niliununua Mei iliyofuata, muuzaji alikuwa nao kwenye friji, haujafunguliwa. Nikauweka friza miezi kumi. Nikaufungua, nikatoa zile gramu 30, nikakunja mdomo mara mbili na kubana kwa kibanio cha nguo. Tangu hapo uko mlangoni mwa friji. Miezi saba sasa.

#6 MizaniYaGramu

Kibanio cha nguo, aisee.

Haya. Septemba hadi Mei ni kama siku 240. Tuseme ulikaa kwenye nyuzi 5, umefungwa bila hewa: 240 × 0.5 × 0.5 = 60. Friza siku 300: 300 × 0.17 × 0.5 = 26 hivi. Mlangoni mwa friji siku 210, kibanio nakihesabu kama mfuko wazi: 210 × 0.5 × 1 = 105.

Jumla 191. Angalia lakini ilivyogawanyika. Miezi 18 ya kwanza imekula siku 86. Miezi saba ya kibanio imekula 105. Na mlango wa friji ndio sehemu yenye joto kuliko zote humo ndani, unafunguliwa kila saa, kwa hiyo hapo nimekuhurumia.

Siku 191 ni zaidi kidogo ya 180, maana yake umevuka nusu. Imebaki 48% hivi. Alfa yako si 6.0 tena, ni kama 2.9%.

Kwa Tinseth, ile kanuni ya kukadiria IBU, dakika 60 kwenye 1.050 unavuna 0.231 ya alfa. Kwa 6.0% ulihitaji gramu 50. Kwa 2.9% unahitaji kama gramu 104. Wewe unazo 70.

#7 PovuLaJuu

Si ndio nilichosema kwenye #2? Tupa.

#8 Chujio

Gramu 104! Na yule jamaa angeniambia 60. Je, nikichemsha muda mrefu zaidi, dakika 90 badala ya 60, si nitazikamua zaidi?

#9 MizaniYaGramu

Kidogo sana. Kwa Tinseth unatoka 0.231 unaenda 0.247. Unaunguza nusu saa ya moto kupata kama IBU moja na nusu kwa hopsi zako zote 70. Alfa iliyokwisha haikamuliwi.

#10 BintiKimea

Mkuu Mizani, hesabu zako sina ugomvi nazo, ila umeruka kitu ambacho kingemuumiza Chujio kama angekuwa na hizo gramu 104 akazimimina zote.

Alfa ikipigwa na oksijeni haipotei hewani. Sehemu yake inageuka humulinoni, na humulinoni ni chungu. Kwa ulimi, uchungu wake ni kama 66% ya ule wa alfa iliyochemshwa vizuri. Na hopsi zina asidi za beta pia, ambazo zikiwa mpya hazichangii uchungu wa maana, lakini zikizeeka zinatoa huluponi, na hizo zinafika kama 84%. Kwa hiyo alfa ikishuka hadi nusu, uchungu wa kwenye glasi haujashuka hadi nusu. Unashuka taratibu kuliko alfa.

Nimewahi kuingia mtego huu. Nilikuwa na hopsi za Hallertau za zamani, nikapiga hesabu ya alfa tupu, nikaongeza karibu mara mbili. Bia ikawa na uchungu unaong'ang'ania, unakaa nyuma ya ulimi kama dawa ya maji uliyolazimishwa utotoni. Na majani yenyewe yalikuwa mengi, yakaongeza ukakasi juu yake.

Tangu hapo nafanya hivi: natafuta pengo, halafu nalijaza nusu tu. Kwa Chujio pengo ni kutoka 50 hadi 104, yaani 54. Mimi ningeongeza 27, nifike 77. Sina maabara, ni ulimi wangu huo.

#11 MizaniYaGramu

Nakubali, Binti. Hesabu yangu ni ya alfa, si ya ulimi. Ila nusu ya pengo kwa kila hali mimi naiogopa. Hopsi zilizokaa friza na kupoteza 15% tu najaza pengo lote, tofauti ni gramu nane au tisa, hakuna atakayekufa. Zilizovuka nusu, hapo naenda na wewe.

#12 KuniMbichi

Mnapiga hesabu za hopsi ambazo hakuna aliyezinusa. Chujio, kabla ya mizani kuna pua.

Toa kidonge kimoja. Usinuse mfuko, mfuko unadanganya, harufu nzuri hubaki kwenye plastiki. Weka kidonge kiganjani, kisage kwa kidole gumba mpaka kiwe unga, funika kwa kiganja kingine, hesabu hadi kumi, ndipo unuse. Halafu angalia ule unga. Wa kijani uko hai. Ukishaelekea rangi ya nyasi kavu umezeeka. Wa kahawia achana nao.

Ukisikia nyasi kavu au tumbaku, bado vinaweza kwenda kwenye dakika 60. Ukisikia jibini au soksi iliyovaliwa siku tatu, hiyo ni asidi ya isovaleriki. Inatoka kwenye mikia ya hizohizo asidi za hopsi zikivunjika. Hapo gramu haziokoi kitu, kadiri unavyoongeza ndivyo unavyoongeza soksi.

Mimi niliwahi kupuuza. Nilikuwa na vidonge vya kuloweka baridi kwenye ndoo ya kuchachushia, vilinuka jibini kwa mbali sana, nikasema itapotea. Siku ya tatu nikafungua kifuniko, mke wangu akauliza kutoka chumba cha pili kama nimevua viatu.

#13 GlasiMbili

😂😂 Nimecheka mpaka nimeamsha watu.

#14 Chujio

Nimesaga. Rangi ni kijani kilichofifia, kinaelekea njano. Harufu: nyasi kavu, halafu kitu kama karatasi ya kitabu cha zamani. Lile ganda la balungi ninalolijua kwa Cascade halipo kabisa. Jibini sijasikia. Nimempa na mdogo wangu anuse, kasema "chai ya majani imekaa".

#15 KuniMbichi

Basi zimepona kwa dakika 60. Kwa harufu zimeshakufa, usiziweke mwishoni mwa kuchemsha wala usiziloweke baridi. Mafuta ya harufu, hasa mirsini, ndiyo huondoka mapema. Watu wengi huchanganya hapa: wakisikia "hopsi zimepungua nguvu" wanaongeza na zile za dakika 5. Uchungu unaweza kuulipa kwa gramu, harufu hailipiki. Gramu 60 za karatasi ya kitabu cha zamani zinakupa karatasi nyingi zaidi, balungi hairudi.

#16 BintiKimea

Hapo umesema kweli tupu. Na hata anayeloweka baridi hopsi za zamani akidhani haziongezi uchungu anakosea. Humulinoni zinayeyuka hata kwenye baridi, hazihitaji moto.

Kwa wanaosema "tupa" kwa kila kitu: wapo wanaozeesha hopsi kwa makusudi. Watengenezaji wa bia ya lambiki kule Ubelgiji huzihifadhi mwaka mmoja hadi mitatu ndipo wanazitumia, na wanatia nyingi. Wanachotaka ni ile kinga dhidi ya bakteria, bila uchungu mkali wala harufu ya maua. Lakini bia ile inachachushwa na vijidudu vya hewani na inakaa mapipani miaka. Usichukue soksi zako ukaziita lambiki.

#17 PovuLaJuu

Sawa, nimebanwa. Sitasema tupa tena (leo).

#18 ChupaTupu

Mmesahau mashapo. Vidonge vinakunywa bia. Ukiweka gramu 104 badala ya 50, ile tope ya chini inakuwa karibu mara mbili na inabaki na maji ya kimea ndani yake. Mimi hupoteza chupa mbili hadi tatu kila nikizidisha hopsi namna hiyo. Ongeza maji mwanzoni au ujue utajaza chupa pungufu. Ni sababu nyingine ya kutobeba uchungu wote kwa hopsi dhaifu.

#19 MizaniYaGramu

Ndiko nilikokuwa naelekea. Chujio, una hopsi yoyote yenye alfa kubwa, ambayo haijafunguliwa?

#20 Chujio

Nina Magnum 12%, imefyonzwa hewa, iko friza, mavuno ya karibuni. Niliiogopa kuifungua kwa sababu ya gramu chache.

#21 MizaniYaGramu

Hiyo ndiyo ya kubeba mzigo. Peke yake ungehitaji kama gramu 25 tu kufika IBU 35. Ila kama hutaki kutupa Cascade, changanya. Gramu 40 za Cascade ya zamani kwa 2.9% zinakupa kama IBU 13. Gramu 15 za Magnum zinakupa kama 21. Jumla 34. Zote dakika 60.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba makisio yangu ya 2.9 yakiwa na makosa, makosa yanagusa IBU 13 tu, si 35. Ikiwa Binti yuko sahihi kuhusu humulinoni, na nadhani yuko, utapata 36 au 37 na hutaona tofauti. Ungetegemea Cascade peke yake, kosa lilelile lingekupeleka mbali.

Na kama una Cascade mpya au chochote chenye harufu, kiweke dakika 5 za mwisho. Hesabu hizi hazikigusi.

#22 MgeniWaKimea

Samahani wakuu, mimi mgeni. Maswali mawili. Mfuko wangu una namba imeandikwa HSI 0.40, ndiyo alfa? Na mfuko mwingine, Nelson Sauvin, una mwaka wa mavuno uleule na Cascade yangu. Je, umri wao ni sawa?

#23 BintiKimea

Karibu sana. HSI si alfa, ni kipimo cha uchakavu cha maabara. Wanapima hopsi kwa mwanga wa nanomita 275 na 325, wanagawanya. Hopsi mpya iko karibu na 0.25, ikizeeka namba inapanda. Kanuni yake ni 110 × logi ya (HSI ÷ 0.25). Kwa 0.40 inakuja kama 22%, ndiyo alfa iliyokwishapotea siku ilipopimwa. Sasa angalia kama alfa iliyoandikwa ilipimwa siku hiyohiyo. Kama ndiyo, hasara hiyo tayari imo kwenye alfa ya mfuko, usiikate mara ya pili. Wengi hukata mara mbili.

Swali la pili ni zuri. Nelson Sauvin ni ya Nyuzilandi, huko wanavuna kati ya Februari na Aprili. Cascade ya Marekani inavunwa mwishoni mwa Agosti na Septemba. Mwaka ni uleule kwenye karatasi, lakini Nelson yako ni kubwa kwa kama nusu mwaka. Na hesabu kuanzia mavuno, tarehe ya kununua isahau.

#24 KuniMbichi

Niongeze moja kwa mgeni. Kama huna historia yoyote ya mfuko, chemsha gramu 2 kwenye nusu lita ya maji dakika 20, na gramu 2 za hopsi mpya ya aina ileile kwenye sufuria jingine. Acha vipoe, onja zote. Uchungu wa maji matupu si sawa na wa maji ya kimea, kwa hiyo usitafute namba hapo, unalinganisha vikombe viwili tu. Kikombe kimoja kikikukunja uso na kingine hakikukunji, umeshajua.

Na mnaotupa hopsi, za zamani au zilizochemshwa, msizitupe mbwa anapofika. Hopsi ni sumu kwa mbwa, joto la mwili linampanda na anaweza kufa. Najua nje ya mada, lakini lisiposemwa hapa litasemwa wapi.

#25 Chujio

Narudi na mrejesho, wiki ya sita leo.

Nilifuata #21 kama ilivyo. Cascade ya zamani 40, Magnum 15, dakika 60. Dakika 5 za mwisho nikaweka gramu 20 za Cascade mpya. Wakati wa kuchemsha sufuria lilinuka nyasi dakika kumi za kwanza, nikaanza kujuta, kisha ikatulia.

Chupa ya kwanza nimefungua jana. Uchungu upo, umenyooka, hauning'ang'anii. Ningesema umezidi kidogo ule wa bia yangu ya kawaida ya 35, kwa hiyo Binti chukua pointi yako. Utamu wa mwiko haupo. Balungi kwa mbali, hiyo ni ya zile 20 mpya. Chupa zilipungua mbili, ChupaTupu chukua na wewe.

Na ile Magnum baada ya kuifungua nimeigawa gramu 25 kila kifuko, nikafyonza hewa, nikarudisha friza usiku uleule. Kibanio kimerudi kwenye kamba ya nguo.

#26 GlasiMbili

Hongera mkuu. Zile 30 zilizobaki umezifanyaje?

#27 Chujio

Pipa lenye kifuniko. Mbwa ninaye.